Siku Nne Nilizomwongezea Mwalimu

Chumba cha Cherehani,
Ghorofa ya Pili, juu ya Duka la Vitambaa.
Tarehe 9 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Chuma,

Kwanza habari za afya, ndipo mengine yafuate. Sisi huku wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo siku hizi yakiona ngazi yanaanza kulalamika kabla sijanyanyua mguu. Mama hajambo, anakula vizuri na anagombana na redio kama kawaida yake. Shemeji yako kikohozi kimemwachia. Je, wewe hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wale mapacha masikio yameacha kuwauma? Niambie kila mmoja na hali yake, usiniandikie "sote wazima" kwa mkupuo kama mtu anayekwepa maswali.

Barua yako ilifika Jumanne. Niliisoma nimesimama, pini zikiwa mdomoni, na nilipofika pale unaposema mwezi ujao unakwenda kupandikizwa nywele, nilicheka hadi pini zikamwagika sakafuni. Usikasirike. Nilikumbuka ulivyokuwa ukijipaka mafuta mbele ya kioo mpaka mlango wa bafu unagongwa na nyumba nzima. Kipara kimekuwahi ungali kijana, basi kama kukiondoa kutakupa raha, kiondoe. Hakuna atakayekucheka ila mimi.

Umeniuliza jambo moja tu: baada ya kupandikizwa, utarudi lini kunyanyua vyuma vyako, na lini utarudi ghalani kubeba makasha. Umeniuliza mimi kwa sababu ndiye niliyemuuguza dada yako Mwalimu mwezi wa pili. Ningeweza kukujibu kwa mistari mitatu nikafunga bahasha. Lakini katika siku zile nilifanya kosa, na nyuma ya kosa hilo kuna jambo ambalo hujawahi kuambiwa katika nyumba yetu. Kwa hiyo tafuta kiti ukae.

Mwalimu alipotoka kwa daktari alikuwa amenyolewa kichwa kizima. Nywele zilikuwa zimetolewa kisogoni moja moja na kupandwa juu ya lile kovu lake, lile la ukubwa wa kiganja lililoanzia juu ya sikio la kulia. Ukimtazama uliona vidoa vidogo vidogo vyekundu vimepangwa vizuri kuliko mishono yangu. Alikuwa na uso wa ganzi na bandeji kisogoni, na bado akamshukuru mlinzi wa mlangoni kwa kumfungulia.

Daktari alinipa karatasi ya masharti. Siku saba alale kichwa kikiwa juu, kimeegemezwa kwenye mito. Asiiname, asijikune, asivae nguo ya kupitisha kichwani. Siku ya tatu au ya nne anaweza kutembea polepole ndani ya nyumba. Baada ya siku saba anaweza kurudi kwenye kazi ya kukaa. Baada ya siku kumi na nne, mazoezi mepesi na kukimbia kwa mwendo wa pole. Kukimbia kwa nguvu, kuruka, kuogelea na kunyanyua vizito, baada ya siku thelathini. Jua kali alikwepe miezi kadhaa, na akitoka avae kofia pana isiyobana.

Alitueleza na sababu. Mizizi mipya inakuwa haijashika. Mtu akijikaza au akiinama, damu inamjaa kichwani, na jasho nalo linaleta mwasho, mwasho unaleta kucha. Kwa Mwalimu kulikuwa na la zaidi, maana ngozi ya kovu haina damu ya kutosha kulisha kilichopandwa. Mizizi mingi ikifa, nywele za kisogoni zisingetosha kurudia kazi. Nafasi ilikuwa moja tu.

Sasa sikiliza nilichokifanya. Unaijua kazi yangu. Fundi hakati kitambaa palepale kwenye mstari wa chaki. Anaacha nafasi ya mshono, kidole kimoja begani, viwili kiunoni, zaidi kidogo kwenye pindo la chini. Nimeifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, mkono wangu unaongeza wenyewe hata nisipoutuma. Nilichukua karatasi ya kaki ninayokatia vielelezo, nikaibandika ukutani, nikaandika siku zote kwa chaki ya bluu. Siku saba zikawa nane. Kumi na nne zikawa kumi na sita. Thelathini zikawa thelathini na nne. Kisha ile karatasi ya daktari nikaikunja, nikaizamisha kwenye kopo la vifungo.

Sikumwambia. Nilijiambia siku nne hazimuui mtu.

Mdogo wangu, ningependa ungekuwapo umwone. Unamjua Mwalimu ni mtu wa aina gani. Anapanda ngazi mbili mbili, anakula amesimama, akisubiri chai ichemke anaruka ruka kama anataka kuingia uwanjani. Mtu huyo alikaa. Alilala nusu ameketi kwenye kile kiti changu cha wateja, mto huku na mto huku, na asubuhi shingo imekakamaa kama ubao, nikimuuliza umelalaje ananijibu, "Vizuri, Dada, kama abiria." Kichwa kilimwasha mpaka machozi yanamtoka, akawa anaikalia mikono yake. Kwa kweli aliikalia, nimeona kwa macho yangu.

Nilimshonea mashati matatu ya vifungo kwa sababu kabati lake lote ni fulana. Nilimpulizia ile dawa ya maji ya chumvi kutoka mbali, hatua nzima, nikinyoosha mkono kama ninayemwagilia nyoka. Aliyemwosha kichwa mara ya kwanza ni muuguzi wa daktari, na baada ya hapo alijiosha mwenyewe kwa kikombe. Mimi sikumgusa. Hilo likumbuke, nitalirudia.

Siku ya nne akaanza kutembea kwenye ukumbi wetu mwembamba, kutoka mlango wa stoo hadi ngazini. Ni hatua thelathini na moja, alizihesabu yeye. Alikwenda na kurudi kwa mwendo wa bibi harusi, huku akiniuliza bei za vitambaa ili tu asiongeze kasi. Siku ya nane kwa chaki yangu alirudi shuleni, akafundisha kuruka mbali akiwa kwenye kiti. Alichora ubaoni, wanafunzi wakatoka nje kuruka, wakarudi kumsimulia. Filimbi nilimkataza. Filimbi haikuwemo kwenye masharti ya daktari hata kidogo, niliiongeza kutoka kichwani mwangu, nikisema pumzi zinavimbisha mishipa ya utosi. Akawa anapiga makofi.

Siku ya kumi na sita nilimruhusu kukimbia taratibu, akazunguka uwanja mara tatu akarudi uso unang'aa. Haikupita wiki, nywele mpya zikaanza kuanguka. Nilizikuta kwenye mto, nyingi, fupi fupi. Nililia. Nilisema ni zile raundi tatu, nimemwacha mapema, nimeharibu. Mwalimu akanipa leso akanikumbusha kwamba daktari alituambia mapema zitaanguka, mzizi ndio unaobaki, na nywele zinarudi miezi inayofuata. Mgonjwa ndiye aliyenibembeleza mimi. Na wewe zikikuanguka, usimpigie wifi yangu kelele.

Hofu yote ile ilitoka wapi? Hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Wewe ulizaliwa baadaye, ukalikuta kovu tayari, ukaambiwa kwamba maji yalimwagika. Hayakujimwagia. Nilikuwa na miaka tisa na yeye mitatu. Nilibeba sufuria ya maji ya moto ya kuoga, nikaipitisha mlangoni nikiwa nimegeuka nyuma kumjibu mtu, na yeye akaja mbio kunikumbatia magoti. Ni mimi. Mama alifunga mjadala siku hiyo hiyo na haukufunguliwa tena. Alipopona, kazi ya kumchana na kumfunga kilemba aliifanya Mama, kisha yeye mwenyewe. Tangu siku ile sijawahi kuweka mkono wangu juu ya kichwa cha mdogo wangu. Nimemshonea vilemba na kofia mia na zaidi, zote nilizipima kwa macho.

Kwa hiyo zile siku nne hazikuwa za mshono peke yake. Nilikuwa nimekwisha kumharibia kichwa mara moja.

Shida ni kwamba shuleni kwao kila mwaka kuna mbio za kupokezana vijiti, walimu dhidi ya wasichana wa darasa la mwisho, na Mwalimu ndiye anayekimbia mkondo wa mwisho tangu alipoajiriwa. Anakimbia na kofia. Utotoni aliwahi kuongoza mbio za shule, kilemba kikamtoka, akasimama kukiokota, akapitwa na wote. Hajalisema tena, lakini tangu hapo kofia yake ya mbio lazima iwe na kamba ya kidevuni, na kamba nazishona mimi. Mwaka huu mbio ziliangukia siku ya thelathini na moja. Alisimama mbele ya kaki yangu ukutani, akahesabu kwa kidole, akaona thelathini na nne. Nilikuwa nyuma yake napiga pasi. Alisema, "Basi mwaka huu nitashika saa." Nami nikaendelea kupiga pasi. Nilijiona mwovu.

Siku ya mbio nilikwenda uwanjani, futi yangu ya kupimia shingoni kwa sababu nilitoka kazini. Mwalimu alikuwa mezani na saa mkononi, na kofia pana niliyomshonea, ile laini isiyo na kamba. Pembeni ya kiti chake palikuwa na mfuko. Basi akapita yule muuguzi wa daktari, ambaye binti yake anasoma pale, akashangaa.

"Mwalimu, mbona umekaa? Si umetimiza siku thelathini jana?"

Nilitazama nyasi. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia Mwalimu, "Niliongeza. Karatasi ilisema thelathini."

"Najua, Dada," akasema. "Niliiona siku ya tisa. Nilikuwa natafuta kifungo."

Siku ya tisa! Alijua kuhusu kumi na nne, alijua kuhusu filimbi, alijua kwamba zile mbio zilikuwa halali yake, na wiki tatu nzima alipiga makofi kwa ajili yangu. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alinijibu akiangalia saa, si mimi. "Ulikuwa hulali. Nikaona siku nne naweza kuzitoa."

Chuma, nimeishi na watu wengi, nimepima miili yao na kusikia siri zao wakiwa wamenyoosha mikono. Sijaona mtu kama dada yako. Wewe na mimi tungegombana mpaka majirani wafungue madirisha.

Nikamnyang'anya saa. Nilimwambia, "Nenda ukakimbie." Hakubisha, akaufungua ule mfuko, na ndani yake mlikuwa na viatu vyake vya mbio, vimefutwa vumbi. Alikuja navyo hivyo hivyo, bila kumwambia mtu.

Alipokea kijiti akiwa nyuma kwa hatua kama kumi. Alikuwa na mazoezi ya wiki mbili tu, tena ya polepole, lakini alipoanza kuchapua mguu uwanja mzima ulisimama. Kwenye kona kofia ikaruka. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua hakuwa amesimama. Alikuwa anakimbia na kichwa chake wazi, kovu, mabaka na yote, mbele ya wanafunzi mia nne na wazazi wao, na hakugeuka hata kuangalia imeangukia wapi.

Mimi ndiye niliyegeuka. Niliwaza jua, Chuma, niliwaza ile karatasi inayosema jua alikwepe. Nikaiokota kofia nikamfuata mbio, mimi huyu, na magoti haya, futi inapepea shingoni, wanafunzi wanashangilia wakidhani nami nimo kwenye timu ya walimu. Alishindwa kwa hatua moja na msichana mmoja mrefu. Nilipomfikia alikuwa ameshika magoti anahema, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Usiiname!" Alicheka mpaka akakaa chini. Muuguzi alicheka. Mwalimu mkuu alicheka, mtu ambaye sijawahi kuyaona meno yake.

Basi jibu la swali lako ni hili: fuata karatasi ya daktari wako wewe, si yangu, maana kichwa chako si chake na kovu huna. Ila kwa niliyoyaona, jitayarishe kukaa wiki ya kwanza bila kuinama wala kunyanyua, mapacha nao wasikurukie mabegani. Ukiwa na kazi ya mezani ungerudi upesi, lakini makasha ya ghalani ni mazito kama vyuma vyako, kwa hiyo mwombe msimamizi akupe kazi ya kuandika mizigo mwezi mzima. Kukimbia kidogo baada ya wiki mbili, daktari akiridhia. Vyuma, mwezi. Ukitokwa na damu, uvimbe ukizidi au ukapata homa, usiniandikie barua, nenda ukaonwe siku hiyo hiyo. Na siku ukiambiwa uko huru, uwe huru kweli, usijifungie ndani kwa woga wa mtu mwingine.

Ndani ya kifurushi utakuta mashati matatu ya vifungo na kofia moja isiyobana. Kipimo nimekikisia kutoka picha ya mwisho. Ukiona kofia ni kubwa, ujue ni mkono wangu umerudia tabia yake.

Mama anakusalimu sana na anasema kipara hakikumzuia baba yenu kuoa. Mjomba fundi saa anakuulizia kila Ijumaa. Shemeji yako anasema ukirudi na nywele atakutambua kwa sauti tu. Mwalimu anakupa pole ya mapema, na anasema ukiwashwa, ikalie mikono. Nisalimie wifi yangu na mapacha, uwabusu mmoja mmoja wasigombanie.

Nimebakiza la Jumapili iliyopita. Sasa ni miezi tisa. Nywele zimeota juu ya kovu, zilianza kuchomoza mwezi wa nne kama mabaki ya uzi, sasa zimeshika. Karibu na sikio kuna mahali padogo kama kifungo cha shati pamekataa, naye hajali. Ila nywele mpya zinakwenda polepole, zile nyingine zimezipita, na kichwa kinaonekana kama kimeshonwa na mafundi wawili. Basi akaja chumbani kwangu bila kofia, akavuta kile kiti cha wateja mbele ya kioo. Alichukua futi yangu akapima nywele mpya, akapata inchi mbili. Akachukua chaki ya bluu, akatia alama ya inchi mbili kwenye kitana, akanipa kitana na mkasi. Alitaka nikate zilizobaki zilingane na zile.

Nilisimama nyuma yake na mkasi mkononi. Nilimwambia siwezi. Kisha nikaanza kumwambia habari ya sufuria, niliyoibeba miaka thelathini na tano. Hakuniacha nifike mbali.

"Najua," akasema. "Mama aliniambia. Aliniambia pia nani alinibeba peku, mbio, mpaka zahanati."

Hilo mimi nilikuwa nimelisahau. Naapa, nilikuwa nimelisahau kabisa.

Nikaweka mkono wangu wa kushoto juu ya kichwa chake. Kilikuwa na joto. Nikavuta shungu la kwanza kwenye kitana, nikaufungua mkasi, na mkono wangu, kwa mazoea, ukapanda juu ya alama kidogo. Aliona kwenye kioo.

"Penye chaki, Dada," akaniambia. "Leo usiache nafasi."

Nikakata penye chaki.

Mungu akulinde siku ile na siku zote zitakazofuata, akupe daktari mwenye mkono mwepesi na nyumba yenye subira, na yote yaliyopandwa kwako yashike.

Ni mimi dada yako akupendaye kuliko anavyokucheka,

Fundi